Waya Chini ya Bendera

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nane Septemba, mwaka wa sabini na nne, robo saa kabla ya saa moja jioni. Sajenti Naftali aliiandika saa hiyo juu kabisa ya daftari lake na kuipigia mistari miwili, maana katika kesi yote hiyo ndicho kitu pekee ambacho wakweli na waongo walikubaliana juu yake. Watu wa Itumba walikuwa wamekaa nje na redio zao wakingoja taarifa ya habari. Pembeni kidogo ya stesheni ikaingia sauti ya mwanamume, ikaanza kusema Kinyaturu.

Redio haikuwa na desturi ya kusema Kinyaturu. Hilo peke yake liliwatoa watu jasho. Sauti ikasema kesho alfajiri malori ya Operesheni Vijiji yatafika Itumba kuhamisha watu, na safari hii mapaa yatachomwa watu wakiwa ndani. Kila mwenye miguu akimbilie vichaka vya upande wa Itigi sasa hivi. Ng'ombe waachwe zizini, kwa sababu kengele zao zitawaonyesha askari njia. Ikarudia mara tatu, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa masharti ya dawa. Kisha ikakatika. Robo saa baadaye msomaji wa habari akasoma habari zake kana kwamba nchi nzima ina amani, lakini Itumba hakukuwa na mtu wa kumsikiliza.

Malori hayakuja kesho yake. Yalikuja Ijumaa, na hayakuchoma hata paa moja. Watu walipotoka vichakani walikuta mazizi wazi na ng'ombe hakuna, hata ndama wa kufunga kwa kamba. Na mwanamke mmoja, Martha, hakutoka. Alikutwa Jumamosi pembeni ya kisima kilichokauka tangu Julai, na watoto wake wawili wamelala juu yake. Kiu ndiyo iliyowaua.

Wakubwa walitaka mtu tangu Alhamisi, kabla hata ya maiti, na walimtaka upesi. Ndivyo walivyo. Lori halipatikani mama akishikwa na uchungu, lakini la kubebea milango ya watu wanaohamishwa linapatikana, tena na madereva wawili. Naftali alilijua hilo kwa sababu ya mkewe Kristina, na tangu amzike hakulizungumza tena. Basi wakubwa wakaitazama tarafa nzima, wakauliza nani ana mashine ya kusemea redioni. Wakaambiwa yuko mmoja tu, Laurian, mpiga telegrafu mstaafu wa reli ya Itigi, mwenye leseni yake ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha. Mmoja tu, ukiiacha ofisi ya tarafa yenyewe. Na nani angethubutu kutoiacha?

Jumatatu saa mbili asubuhi Naftali alifika katika ofisi hiyo, kijiji kipya cha Umoja. Akainama kuupita waya uliovutwa usawa wa paji la uso mbele ya mlango, akaingia ndani, akasimama mbele ya mashine ya Operesheni kupokea amri. Bwana Gabrieli, Mratibu wa Operesheni, alikuwa anasema kutoka ndani ya Landrova yake, mahali fulani nyuma ya Ihanja.

"Jalada liwe na sahihi yako saa... sita," mashine ilisema. "Namchukua mwenyewe. Sitaki... maneno."

"Nimeelewa, Ndugu Mratibu."

Mashine ikanyamaza. Naftali akamgeukia Katibu Tarafa. Huyu aliitwa Antipasi, mtu wa kuja kutoka nchi za ziwani, mwaka wake wa kwanza hapa, na ufunguo wa ofisi aliuvaa shingoni kwa kamba ya viatu.

"Ndugu Katibu, wale wanaopanda hilo gari lake, wanapelekwa wapi?"

"Wewe ni askari unaniuliza mimi?"

"Wa mwezi wa saba walikuwa wawili. Niliwaandikia jalada mimi. Wake zao mpaka leo wananiuliza."

"Mimi mgeni hapa, Ndugu Sajenti. Nikianza maswali kama hayo, Landrova bado ina nafasi." Antipasi alicheka kidogo, peke yake, huku ameushika ule ufunguo.

Nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, chini ya dirisha, alikaa mama yake Martha. Hii ilikuwa asubuhi ya pili tangu mazishi, bi Anastazia kuja pale na kigoda chake. Hakuomba kitu wala hakulia. Alikaa akilitazama ghala alimofungiwa Laurian.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anaondoka leo?"

"Mratibu anakuja saa sita."

"Basi nitakaa mpaka saa sita. Nataka nimwone akipanda."

Naftali alichuchumaa mbele yake, daftari juu ya goti. "Ile sauti, mama. Uliisikia mwenyewe?"

"Redio ya Martha niliishika mimi. Yeye alikuwa anasonga ugali."

"Ilikuwa sauti ya Laurian?"

"Ya nani mwingine?"

"Siulizi ya nani mwingine. Nauliza kama ilikuwa yake. Mmekaa jirani miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu." Alitema mate pembeni. "Laurian akiongea ni kama anafukuzwa na nyuki. Yule alikuwa anaongea taratibu. Ila redio inambadilisha mtu, au siyo?"

"Huenda. Ulisikia nini kingine?"

"Kinyaturu chake cha nyumbani kabisa. Nilimwambia Martha, huyu ni mtoto wa mtu wa hapa hapa, siyo wa kujifunza. Halafu anakwama. Akikaribia mwisho wa maneno anavuta hewa kwanza, ndipo anamalizia. Kama mtu anavuka maji ya matope, anatafuta jiwe kwa mguu."

Penseli ya Naftali ilisimama. Ikaendelea tena. Watu wengi hukwama wakiongea, alijiambia, na mashine za serikali zina mikwaruzo yake. Hakugeuza kichwa kutazama dirisha la ofisi.

"Na mkawaacha ng'ombe."

"Alisema kengele zitatuuza. Wewe ungefanyaje, mwanangu? Tuliwaacha. Martha alitaka kuchukua dumu la maji, nikamwambia acha, tutakawia." "Gizani tukapotezana," aliongeza. "Nenda kafanye kazi yako. Mimi nitakaa."

Ghalani kulikuwa na harufu ya alizeti na panya. Laurian alikaa juu ya gunia, pingu mikononi, ndevu za siku nne zimemtoka nyeupe.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliinua kichwa. "Marahaba. Wewe ndiye wa kwanza kunisalimia tangu Alhamisi. Wengine wananiita jasusi, na inaonekana jasusi hasalimiwi."

Naftali alifungua sanduku la ushahidi. Lilijaa kadi. Zilikuwa sitini na moja, za rangi na picha za nchi za watu, kila moja na tarehe na saa. Juu ya kifuniko Mratibu mwenyewe alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: MAWASILIANO NA NJE. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yote, na mpaka asubuhi ile hata Naftali aliiona kesi nzito.

"Hii?"

"Morisi. Mwalimu wa shule. Tunaonana hewani Jumapili. Anayekusikia hukutumia kadi kama hiyo kwa posta."

"Hii?"

"Bombay."

"Na hii yenye theluji?"

"Ufini. Huyo alinichukua miezi minne kumpata, kwenye mawimbi ya mita themanini, kabla jua halijatoka. Nilipomsikia nilitokwa na machozi."

"Mnaongea nini na watu hawa?"

"Unanisikiaje? Nakusikia vizuri. Kwenu kuna mvua? Hakuna. Haya, kwaheri."

"Basi?"

"Ndiyo raha yenyewe. Ukinifunga kwa hilo nitafungwa na haki yangu."

Naftali hakucheka. Alizipanga kadi sakafuni kwa mstari, kama alivyozoea kupanga mali ya wizi, ya karibu ikitangulia na ya mbali ikifuata. Mstari ulianzia Morisi, ukavuka bahari, ukaishia kwenye theluji. Akautazama upande wa mwanzo. Hapakuwa na Dodoma, wala Tabora, wala Itigi.

"Mzee, kadi za karibu ziko wapi?"

"Hakuna."

"Umefanya kazi Itigi miaka ishirini. Una watu wako kule kituoni."

"Wako, na redio wanazo. Miaka kumi na miwili nawapigia kelele Itigi. Hawajawahi kunisikia hata chafya."

"Wa Ufini anakusikia, wa Itigi hakusikii?"

"Nipe tochi yako."

Naftali alisita, akampa. Laurian aliishika kwa mikono miwili yenye pingu, akaielekeza juu wima kwenye mabati. Doa la mwanga likakaa juu ya kichwa chake na kumrudia usoni.

"Sauti ya redio inapanda juu. Huko juu angani kuna kitu kama hili bati, inagonga inarudi chini. Ukiirusha wima hivi, inakuangukia wewe na majirani zako wote. Sasa ona." Akailaza tochi. Mwanga ukakimbia chini chini, ukagonga bati kule mwisho wa ghala na kuangukia magunia ya ukutani. "Huku mbali kuna mwanga. Hapa katikati je?"

"Giza."

"Itigi wako hapo katikati."

"Na ni nini kinachofanya tochi isimame au ilale?"

"Waya. Wangu umesimama wima na mlingoti juu ya jabali, futi sitini, na chini nimetandika nyaya ardhini kuzunguka jabali lote. Ule unailaza sauti. Walio miguuni pa mlingoti watanisikia, maana sauti kidogo inatambaa ardhini. Hapa Umoja, labda Ihanja kwa shida. Baada ya hapo ni kimya mpaka ng'ambo ya bahari."

"Na mtu anayesikika Itumba, Ihanja, Itigi na Kilimatinde, kote sawasawa?"

Daftarini yalikuwemo maelezo manne: bi Anastazia wa Itumba, mwalimu mmoja wa Ihanja, mzee wa kuuza asali Itigi, katekista wa Kilimatinde. Wote wanne walisema jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mtu yule alisikika kama yuko chumba cha pili.

"Huyo waya wake umelazwa," Laurian alisema. "Tena chini, urefu wa mtu, kama kamba ya kuanikia nguo. Waya wa hivyo haufiki mbali. Unarusha sauti juu, na sauti inanyesha kwa jirani wote bila kubagua."

Naftali alikumbuka kitu alichokiinamia asubuhi ile akiingia ofisini.

"Usiniambie," Laurian alisema, akimtazama. "Uso wako umebadilika. Usiniambie, mwanangu. Mimi nimeshafungwa, wewe bado."

Angeweza kutia sahihi hapo hapo. Alilifikiria hilo, na baadaye hakulikana. Badala yake alirudi ofisini, akamwambia Antipasi kwamba jalada halifungwi bila jaribio la mashine, ni utaratibu, na akaomba kuita kituo cha polisi cha Itigi. Konstebo Ignas akajibu.

"Tafuta redio ya kawaida, ya nyumbani," Naftali alimwambia. "Iweke pale pale mzee wa asali alipoisikia ile sauti. Mwite na yeye akae hapo. Saa nne kamili kuna mtu atahesabu moja mpaka ishirini. Saa tano kamili atahesabu tena. Unipe jibu baada ya zote mbili."

"Sajenti, hesabu za kujifunza au za mtihani?"

"Za mtihani, Ignas."

Antipasi alisikiliza yote hayo, vidole kwenye ufunguo shingoni.

Itumba ilikuwa mwendo wa maili mbili. Naftali alisukuma baiskeli yenye mashine ya Laurian na betri ya lori zilizofungwa kwa mpira, Laurian akatembea mbele na pingu zake. Nyumba zilisimama bila milango. Upepo wa Septemba uliingia kwa mbele na kutokea kwa nyuma, na mahali fulani sufuria iliyosahauliwa ilikuwa inajigonga ukutani, ikinyamaza, ikijigonga tena. Naftali aligeuka mara mbili kutazama nyuma. Hakuna mtu aliyewafuata, na hilo halikumtuliza.

Kwenye zizi la Martha alisimama. Nyayo za ng'ombe zilitoka zizini kwa kundi na kuelekea njia ya reli. Juu ya nyayo, siyo chini yake, zilipita alama za matairi.

"Malori?" Laurian aliuliza.

"Lori lina matairi mawili mawili nyuma. Haya ni moja moja, membamba, ya gari dogo." Alipima upana kwa shubiri, akaandika. "Na yamepita baada ya ng'ombe, siyo kabla. Yalikuwa yanawaswaga. Wewe una gari, mzee?"

"Nina baiskeli. Unaisukuma wewe."

Mlingoti ulikuwa bado umesimama juu ya jabali kubwa la mtaa, mabomba ya chuma yaliyounganishwa na kukazwa kwa kamba za mkonge. Waliohamisha kijiji walikuwa wamechukua hata mafiga, lakini huo hawakuugusa. Zile nyaya zilizolala ardhini waliziogopa wakidhani ni tego. Laurian alifunga betri, akazungusha vifundo vya mashine yake mpaka pale sauti ilipotokea Jumatano ile, pembeni ya stesheni, na saa nne kamili akahesabu mara tatu. Kisha Naftali akaifungua mashine ile, wakaifunga kwenye baiskeli pamoja na betri, wakarudi Umoja.

Ofisini Ignas alikuwa anangoja hewani. "Sikusikia kitu, Sajenti. Mvumo tu. Mzee wa asali anasema hata mbu."

"Hakika?"

"Tulikuwa watu watano, masikio kumi."

Antipasi mwenyewe alikuwa na redio yake mezani. "Mimi nilimsikia," alisema. "Kama yuko ndani ya kabati."

"Upo maili mbili, Ndugu Katibu. Ni lazima umsikie." Naftali aliiweka mashine ya Laurian kando ya ile ya Operesheni. "Sasa tunaifunga hii kwenye waya wako."

"Huo ni waya wa serikali."

"Na hili ni jalada la serikali."

Antipasi alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi kufika saa tano. Naftali alitoka nje, akausimamia ule waya. Ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukapita mbele ya mlango, ukafungwa kwenye nguzo ya ua wa minyaa. Mahali pa juu kabisa haukufika kofia yake.

"Nani aliuweka hapa chini?"

"Mimi," Antipasi alisema nyuma yake. "Fundi aliufunga juu kwenye mkaratusi. Nikatoka asubuhi nikaona umeipita bendera. Ndugu Sajenti, kitu cha waya kipite bendera? Akija mkubwa nitamweleza nini?"

"Na bendera yenyewe mbona iko chini?"

"Mchwa. Mlingoti uliliwa shina wakati wa masika. Tukaukata, tukausimika, ukaliwa tena, tukaukata tena." Alinyoosha kidole kwenye ua. "Bendera iliposhuka, vyote vikashuka. Hata mpapai wa jirani niliamuru ukatwe kichwa."

Laurian, aliyekuwa mlangoni na pingu zake, aliutazama waya kutoka ncha hadi ncha, na mabega yakaanza kumtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Alhamisi. Anastazia, kwenye kigoda chake chini ya dirisha, alimtazama kwa chuki isiyofichwa, na mzee akaacha kucheka.

Saa tano kamili Laurian akahesabu. Mara tatu, haraka haraka, kama anayefukuzwa na nyuki. Kisha Naftali akarudisha waya kwenye mashine ya Operesheni na kungoja. Ignas hakukawia.

"Hapo sasa. Sajenti, huyu alikuwa nyuma ya mlango. Mwenzangu ametoka nje kumtafuta."

"Mzee wa asali anasemaje?"

Kukawa na mkwaruzo kidogo. "Anasema ni vile vile kama Jumatano. Ila mtu siye."

Naftali alilifungua jalada pale palipoachwa nafasi ya sahihi yake. Hakutia sahihi. Aliandika, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, mkubwa na wa kuegemea: Mashine ile ile. Betri ile ile. Mtu yule yule. Kwa waya wa Laurian, Itigi hawakusikia. Kwa waya wa ofisi ya tarafa, Itigi walisikia vile vile kama tarehe kumi na nane. Kwa hiyo sauti ilitoka ofisi ya tarafa. Kisha akatoa ufunguo mdogo mfukoni, akamfungua Laurian pingu. Mzee alijisugua vifundo bila kusema asante. Wote wawili walijua kuwa bado ni mapema.

"Ndugu Katibu. Ofisi hii ina funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa na homa."

"Na ufunguo?"

Antipasi alikaa chini. "Mimi Kinyaturu sijui, Sajenti. Hata salamu yao inanishinda, uliza mtu yeyote."

"Sijasema wewe ndiye uliyesema. Nauliza ufunguo."

"Nina watoto wanne."

"Martha alikuwa na wawili."

Katibu Tarafa alitazama nje, kisha sakafu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeungama. "Mtu mkubwa akija nyumbani kwako, akakukuta kitandani, akakwambia nipe ufunguo nitume taarifa ya kazi, wewe unamdai barua? Niambie wewe. Unamdai barua?"

"Mtu gani?"

Antipasi hakutaja jina. Macho yake yalikwenda kwenye mashine ya Operesheni, yakakaa hapo, na Naftali akayafuata. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Tangu Ignas aseme, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Mashine ikakwaruza.

"Nimewasikia... wote," ilisema.

Laurian alirudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nimepita Ihanja. Gari langu lina redio, Sajenti, umesahau? Nimesikia mnahesabu. Mara ya kwanza kwa mbali, mara ya pili kama mko kwenye kiti cha... nyuma. Nani kawapa ruhusa ya kugusa waya... wangu?"

Nje, kigoda kilianguka. Kupitia dirishani Naftali alimwona Anastazia amesimama, mikono imeshika nondo, uso umeelekea kwenye mashine. Hakuwa anamtazama Laurian tena. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina na tayari analijua.

Kisha sauti ikahamia Kinyaturu. Ilikuwa lugha ya nyumbani, laini, isiyo na haraka, kama mtu anayemsomea mgonjwa masharti ya dawa. Antipasi, asiyejua hata neno moja la lugha hiyo, alitazama nyuso za wale watatu, akaelewa, akaanza kuvua ile kamba shingoni kana kwamba inamchoma.

"Sajenti, mwana wa kwetu," sauti ilisema. "Nauona moshi wa meko yenu, nimebakiza kilima kimoja. Wewe ni mtu wa akili, umefanya kazi nzuri. Hebu niambie kabla sijafika, nikukute tumeshaelewana. Kama siyo Laurian, basi aliyesema ni... nani?"

Kitufe cha kujibia kilikuwa karibu na mkono wa Naftali, cheusi, kimechakaa katikati kwa vidole vya watu. Aliweka kidole juu yake. Hakubonyeza. Upande wa Ihanja, juu ya vichaka vilivyokauka, vumbi la gari moja lilikuwa linapanda.

Anastazia aliuliza kutoka dirishani, kwa sauti ndogo, akimwuliza Naftali na siyo mashine.

"Mwanangu, unamjibu nani, yeye au mimi?"